Sentensi Moja Katika Wasifu wa Bibi

Same, 11 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa Fortunata,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa na afya, na yule mbuzi mweusi awe ameshazaa, maana nilimwacha akitembea kwa maringo kama mama mchungaji siku ya sikukuu. Mimi ni mzima. Joto la Same ndilo linalonitesa. Kila nikiona milima upande wa kwetu imefunikwa ukungu natamani nipande Chome, hata kwa mguu.

Masomo yanaendelea. Kidato cha tatu ni kigumu kuliko nilivyodhani, hasa hesabu. Lakini kuna jambo zuri. Simu haziruhusiwi hapa, kama unavyojua, ila kila Jumamosi Madam Ummy, mwalimu wetu wa Kiswahili, anatufungulia chumba cha kompyuta. Ameanzisha klabu ya waandishi. Mtandaoni kuna kamusi ambayo huhitaji kupekua kurasa. Kuna programu inayopiga mstari mwekundu chini ya kosa, na nyingine inakusomea kwa sauti ulichoandika ili usikie mwenyewe unapojikwaa. Ipo pia ile ambayo ukiipa mambo makavu inakuandikia habari nzima. Hiyo ya mwisho naijua tayari. Ndiyo tuliyotumia kwenye simu ya baba mkubwa Melkizedeki, mwezi wa kumi na mbili, kuandika wasifu wa Bibi.

Madam alipouliza ni nani amewahi kuandika kitu kikasomwa mbele ya watu, nilinyoosha mkono. Nilisema niliandika wasifu wa marehemu bibi yangu, ukasomwa kanisani kabla ya kwenda kaburini.  Bado nakumbuka ulivyojifunika khanga usoni ukawa unatikisika, hadi mama Ernesta na wazee wenzake wa kanisa wakakushika mabega. Nilikuhurumia sana, lakini nilijua kwamba maneno yangu yamekufikia.

Jambo jingine, na naomba usikasirike. Vitus alipoleta tangawizi mjini kwa gari lake alinipitishia ndizi zako. Ahsante. Akasema mama Ernesta anasikitika kwamba tangu tumzike Bibi hujaingia kanisani, wala hujashiriki Meza ya Bwana. Je, ni miguu? Au unaumwa na hutaki nijue? Wewe ndiye uliyenifundisha kusali kabla sijajua kusoma.

Mtoto wako,
Yudith


Chome, 25 Februari 2024

Yudith,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja amekufa. Mahindi yamesimama. Ukungu haujaondoka wiki nzima na nguo hazikauki.

Miguu ni mizima. Siumwi. Usimsikilize Vitus, mdomo wake unakimbia kuliko gari lake, na gari lenyewe halikimbii. Kanisani nitakwenda.

Wasifu ulikuwa mzuri. Kila mtu alisema hivyo.

Soma hesabu.

Shangazi yako,
Fortunata


Same, 10 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa mtoto wa mbuzi. Tumepata mvua moja tu, lakini wasichana walitoka bwenini wakacheza ndani yake hadi matroni akatufukuza kwa fimbo ya ufagio, naye akiwa anacheka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Tangu nizaliwe unaniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Hata ukinigombeza unasema, "Mama, hebu ondoka jikoni." Safari hii umeandika Yudith. Nilijiambia kwamba ulikuwa na haraka. Kisha ikaja jana.

Jana Madam alitutaka tuijaribu ile programu inayosoma kwa sauti. Nilijitolea wasifu wa Bibi, na nakiri nilitaka kusifiwa. Mashine ikaanza kusoma kwa sauti ya kiume isiyo na majonzi, ikalitamka jina la mlima wetu Shengena kana kwamba ni jina la dawa. Darasa likacheka.

"Jamani, huyo ni bibi wa mtu!" Madam Ummy akawakemea. Akaniambia niirudishe kwenye aya ya mwisho. Mashine ikasoma tena: "Katika ugonjwa wake wa muda mrefu aliuguzwa kwa upendo na watoto wake wote, ambao naye aliwapenda kwa usawa."

Madam akaniuliza, "Bibi yako alikuwa akiogeshwa na nani?"

"Shangazi."

"Na kulishwa?"

"Shangazi."

"Yuko wapi humu ndani?"

Shangazi, hukuwamo. Kwenye simu nilikuwa nimeandika hivi: shangazi Fortunata alimwuguza Bibi miaka sita. Programu ikalainisha, ikaleta "watoto wake wote". Baba mkubwa akasema, "Hapo sasa! Hiyo ndiyo lugha." Nami niliona inapendeza. Sikukumbuka hata kidogo kwamba baba mkubwa alikuwa anakuja Krismasi tu, na kwamba baba yangu Loth alikuwa ameshatangulia kaburini kabla Bibi hajaugua.

Ninakuomba msamaha. Je, hilo ndilo linalokuzuia kwenda kanisani? Niambie hata kama ni kwa kunigombeza.

Yudith


Same, 14 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui kama ile barua ya Machi ilifika. Pasaka tumebaki shuleni kwa sababu ya mvua. Wanasema barabara ya kwetu imemeguka na magari hayapandi. Nasema moyoni kwamba ni barabara. Halafu moyo unanijibu kwamba siyo barabara.

Kwenye ushirika wa Ijumaa mchungaji alitufundisha jambo. Alituambia kila mtu anazungumza na nafsi yake kutwa nzima, na maneno hayo tunayaacha yapite bila kuyauliza yametoka wapi. Alimtaja mtunga zaburi aliyeikabili nafsi yake, akaiuliza kwa nini imeinama. Alisema hakuinyamazisha wala hakuitukana. Aliiuliza. Kisha akatuagiza tuandike yale tunayojiambia, tuyasome mbele za Mungu, na kwa kila neno tuulize: Je, hili ningeweza kumwambia jirani yangu akiwa analia?

Yangu niliyaandika. Ni haya: Wewe ni mnafiki. Unatafuta sifa juu ya maiti. Kila unachoandika kinamwumiza mtu. Nilipoyasoma sikuweza kumwonyesha hata rafiki yangu Justa, na tunalala kitanda kimoja, yeye juu, mimi chini.

Klabu nimeacha. Madam Ummy ameniita, nikamwambia ninataka muda wa hesabu. 

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie.

Yudith


Chome, 28 Aprili 2024

Yudith,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika pamoja, zikiwa na harufu ya mafuta ya gari. Barabara ilimeguka kweli, pale kwenye kona ya juu. Vitus alikaa huko chini wiki sita akitengeneza gia, na barua yako ya Machi ilikuwa chini ya kiti chake. Nilimwambia, "Vitus, mtoto wa watu analia huko shuleni na wewe umekalia barua yake?" Akasema, "Mama, mimi nilijua ni risiti." Nimemnyima makande siku hiyo. Kesho yake nimempa.

Kwanza, rudi kwenye klabu. Hilo siyo ombi.

Pili, sikukasirika kwa kukosa jina langu. Nani anataka kutajwa kwenye wasifu? Mimi ni darasa la saba, ninalima tangawizi, jina langu linatosha kwenye daftari la kwaya. Ungeandika kwamba aliuguzwa na malaika ningesema amina.

Ni ile nusu nyingine ya sentensi. "Ambao naye aliwapenda kwa usawa."

Yudith, siku ile sikulia. Nilicheka. Msomaji alipofika hapo kicheko kilinipanda kutoka tumboni nikashindwa kukizuia, nikajifunika khanga. Ernesta akanishika akisema, "Lia, Fortunata, lia mdogo wangu, umemwuguza." Kadiri alivyonibembeleza ndivyo nilivyozidi. Jeneza la mama yangu liko mbele na mimi nacheka. Mtu wa namna hiyo aende Mezani kufanya nini?

Wewe ulikuwa shuleni. Likizoni mama alikuwa akijizuia mbele yako kwa sababu alikupenda, hilo ni kweli. Ukishaondoka, kila asubuhi nikiweka beseni, aliniuliza, "Melkizedeki amefika?" Nikisema hajafika, basi, matusi yanaanza. Aliniambia wanaume walipita mlangoni kwetu bila kuniposa, kama wanavyopita kwenye nyumba yenye ndui. Aliniambia Mungu alimchukua Loth akamwachia takataka. Maji yakiwa moto ninamchoma, yakiwa baridi ninataka afe. Miaka sita. Watu wanasema ni ugonjwa. Inawezekana. Lakini alianza kuniambia hivyo kabla hajaugua.

Sasa amelala, na asubuhi bado ninaweka beseni la kuoshea vyombo na ninayasikia maneno yale. Ila siyo sauti yake tena. Ni yangu. Mama amekufa, na mimi ndiye ninayemalizia kazi yake ya kunitukana.

Ndiyo maana nilipotaka kuandika "mama" mkono uligoma. Hukukosa kitu. Ni jina.

Melkizedeki amepiga simu. Anataka tuweke msalaba kaburini mwezi wa nane, tarehe ishirini na nne, na wasifu usomwe tena.

Fortunata


Same, 14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Vitus alituimbia njia nzima, na mama mmoja alimwambia afadhali gari liharibike.

Mwezi mzima wa likizo tumekaa jiko moja. Tumechimba tangawizi, tumepukuchua mahindi, tumetembea hadi Gonja na kurudi kumwona mgonjwa wa mama Ernesta. Wewe hukusema kitu kuhusu barua yako na mimi sikuuliza. Jumapili tatu nilikwenda kanisani nikakuacha ukipanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilikuwa nikifungua mdomo, halafu naomba chumvi. Labda sisi wawili tunaweza kusema kwenye karatasi tu.

Basi nasema sasa. Nilikuwa ninatafuta jibu la busara na sijalipata. Nilimwuliza mchungaji bila kutaja jina, kama mtu akiambiwa maneno mabaya na mama yake, halafu mama akafa, maneno hayo ni ya nani?  Akasema Bwana alituagiza tumpende jirani kama tunavyojipenda, kwa hiyo anayejitukana kutwa hana kipimo cha kumpimia jirani. Kisha akasema, "Mwambie mtu huyo kwamba Mungu hajawahi kumwita kwa maneno hayo." Nimekuletea kama alivyosema. Sijaongeza kitu.

Nimerudi klabuni, kama ulivyoagiza. Nimeandika wasifu mwingine. Programu ya kuandika sikuitumia. Kamusi nimeitumia, na ile ya kusahihisha, na ile ya kusoma kwa sauti, maana hiyo haidanganyi. Sehemu yake inasema:

"Bibi Yudith alikuwa mkali. Katika miaka sita ya mwisho hakuweza kutembea. Aliogeshwa, alilishwa na kugeuzwa kitandani na binti yake mmoja, Fortunata. Hakumshukuru. Alimwambia maneno ambayo hayafai kusomwa hapa. Fortunata aliendelea kuchemsha maji."

Programu ya kusahihisha ilipendekeza niondoe "Hakumshukuru" na kuweka "Alithamini kila aliyemhudumia". Imenionyesha hivyo kwa rangi ya kijani, kama kitu kizuri. Nimeikatalia.

Ninaomba ruhusa yako huu ndio usomwe siku ya msalaba. Nitamwandikia baba mkubwa mwenyewe. Siogopi.

Yudith


Chome, 4 Agosti 2024

Yudith,

Marahaba. Huku baridi ni kali, hata kuku wanachelewa kutoka. Ernesta anakusalimu. Anasema umekuwa mrefu na mguu wako unahitaji viatu vipya kabla hujatoboa hivyo ulivyo navyo.

Jibu langu ni hapana.

Nimeusoma wasifu wako nikiwa nimekaa kwenye kitanda chake. Kila neno ni kweli. Sijui ulijuaje habari ya maji, kwamba niliendelea kuchemsha tu. Hakuna mtu aliyewahi kuniona hivyo.

Lakini nisikilize. Nilipokuwa ninamwogesha, nilikuwa ninaosha upande mmoja na kufunika mwingine. Hata tukiwa wawili tu mlango umefungwa, sikumwacha wazi. Alikuwa akinitukana na mimi ninamfunika. Leo unataka nisimame katikati ya watu wa Chome niivute shuka? Sitamfunua. Siyo kwa sababu alistahili. Ndivyo nilivyomwuguza, na hiyo ndiyo kazi pekee ninayojua niliifanya vizuri.

Kwa hiyo waache wasome ule wa simu. Wa kwako umeshasomwa. Nimeusoma mimi.

Usimwandikie Melkizedeki. Si mtu mbaya, ni mtu wa mbali.

Na hayo ya mchungaji, kwamba Mungu hajawahi kuniita hivyo. Nilijaribu kuyaamini wakati ninakamua mbuzi. Yakakaa muda kidogo, kisha yakaondoka. Sitakudanganya.

Fortunata


Same, 18 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mkuu wa shule amekataa ruhusa. Tarehe hiyo tuna mtihani wa pamoja, na hisabati ni Jumamosi ileile asubuhi. Justa ameniahidi kuniombea huku naye akiandika mtihani huohuo, sijui atawezaje.

Sitamwandikia baba mkubwa. Mwanzoni nilihuzunika kwamba umekataa. Nilidhani kusema ukweli ni kuusema mbele za watu wote. Sasa naona kwamba wewe umeujua muda wote huu bila kumvua mtu nguo.

Nimerudia ile kazi ya mchungaji. Safari hii nimeandika, "Nilimwumiza shangazi yangu." Nikaiangalia. Hiyo ni kweli, na nimeomba msamaha. Chini yake nikaandika, "Mimi ni mtu wa kuumiza watu." Hiyo nikaikata. Hata Justa nisingemwambia hivyo, na yeye ameniibia sabuni mara mbili.

Siku hiyo nitakuwa nimekaa mbele ya hesabu, nikikufikiria umesimama kaburini bila mimi. Naomba mtu akae karibu nawe.

Yudith


Chome, 1 Septemba 2024

Yudith,

Marahaba. Natumaini hesabu hazikukushinda. Huku tumemaliza salama.

Wamekuja wengi, na gari mbili za kutoka Dar. Melkizedeki ameleta msalaba wa marumaru, mzito, vijana wanne waliubeba kutoka barabarani huku wakisukumana na kugombana nani anakanyaga tangawizi yangu. Waliikanyaga wote. Tumepika makande na pilau. Wageni wamekula makande, wenyeji wamekula pilau.

Melkizedeki alisoma wasifu yeye mwenyewe kwenye simu. Nilijua mahali sentensi ilipo. Nilishika khanga tayari, nikasema kicheko kikija kinikute nimejiandaa. Akafika. "Ambao naye aliwapenda kwa usawa." Hapo sauti ikamkatika. Akaishusha simu, mtu mzima, na tumbo lake na koti lake. Sijui alikuwa akikumbuka nini. Labda naye anajua. Kicheko hakikuja. Machozi ndiyo yalikuja, Yudith, kwa mara ya kwanza, na sikuwa na wa kunishika kwa sababu wote walikuwa wakimtazama kaka yangu. Nililia taratibu hadi nikamaliza. Ilikuwa afadhali hivyo.

Baada ya chakula alinifuata jikoni. Alisema, "Fortunata, ulikuwa unamwogesha kila siku?" Nikasema kila siku. Akachukua sufuria akaanza kuisugua, vibaya sana, akaacha masizi yote.  Jioni waliondoka.

Leo Jumapili nimekwenda kanisani. Usifurahi upesi, soma hadi mwisho. Sikukaa kwenye kwaya. Nimekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mgeni. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Walipoinuka, mstari kwa mstari, ukafika mstari wangu, miguu haikunyanyuka. Kichwani yakaanza yaleyale, kwa sauti yangu mwenyewe: umecheka mazikoni, mkavu wewe, takataka wewe, utaweka wapi mikono hiyo. Watu wakanipita wakaenda, na mimi nimekaa.

Ernesta alipotoka mbele hakurudi kwenye kiti chake cha wazee wa kanisa. Alikuja nyuma akakaa na mimi. Alikuwa bado anatafuna.

Nikakumbuka lile swali la mchungaji wenu, nikajaribu. Nikasema, kama huyu aliyekaa hapa angekuwa Ernesta, na mama yake amemsema miaka yote hiyo, na miguu yake imekataa kwenda Mezani, ningemwambia nini? Nilitafuta muda mrefu. Wimbo umekwisha, matangazo yamesomwa, mimi bado natafuta. Sikupata maneno makubwa.

Nilijiambia, "Fortunata, umechoka. Kaa tu. Hujafukuzwa."

Shangazi yako,
Fortunata